Mwaka wa Dawa ya Migomba

Siku tulipomzika baba mkwe wangu kule Masoko, mvua ikinyesha na kuacha, ikinyesha na kuacha, alisimama mzee mmoja mwenye suti ya kijivu, akapokea kipaza sauti na kusema kwamba marehemu alikuwa mkulima wa mfano. Alisema marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kuipokea dawa ya migomba, kwamba bila watu wa namna ile leo tusingekuwa na mgomba hata mmoja uliosimama, na kwamba yeye mwenyewe, enzi hizo akiwa kijana, bwana shamba wa kata, aliona fahari kufanya kazi na mzee mwelewa kiasi kile. Watu walitikisa vichwa kukubali. Wengine walipiga makofi, makofi msibani, maana siku hizi mtu akishika kipaza sauti tu lazima apigiwe makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, nikainamisha kichwa na kuanza kuzing'oa nyuzi za mkeka. Aliyekaa karibu yangu akadhani kilio kinanijia, akanishika bega na kuniambia, "Jikaze, mama." Hakikuwa kilio. Ilikuwa hasira, tena hasira ya siku nyingi, iliyozaliwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, ambayo nilikuwa nimejidanganya kwamba imezeeka pamoja na mimi.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuchekacheka, nimetoka Mpuguso na sanduku langu la bati na sufuria nilizopewa na shangazi zangu. Mume wangu, Ipyana, alifanya kazi kiwanda cha chai na kulala kwenye nyumba za wafanyakazi hukohuko, akawa anakuja Jumamosi jioni ananuka majani ya chai, na Jumapili baada ya ibada anaondoka. Mama mkwe wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla sijaolewa. Kwa hiyo siku nyingi za juma uwanja ule ulikuwa na watu wawili tu: mimi katika jiko langu la udongo lenye paa lililoiva moshi, na baba mkwe katika nyumba yake ya matofali ng'ambo ya uwanja, chini ya mparachichi. Na sisi wawili hatukuruhusiwa kuzungumza. Wasomaji wa mbali wataniona natunga, lakini hiyo ndiyo mila yetu ya Kinyakyusa: mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hamsemeshi, hali mbele yake, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mkamwana ndiye anayeingia kwenye majani, anajifunika khanga na kusubiri apite. Wenzetu wa Tukuyu mjini walikuwa wameshaanza kuilegeza. Mchungaji wetu alisema haina ulazima. Lakini nyumba ile ilikuwa ya watu wa zamani, na mimi nilikuwa mgeni, nani angeanza kuivunja?

Basi baba mkwe alikuwa na mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, akaitwa Bosi kwa sababu alipenda kukaa mlangoni na kuwatazama watu wakifanya kazi. Baba mkwe alinisemesha kupitia kwa Bosi. Angekaa kwenye kigoda chake akitazama migomba, mgongo kanipa mimi, kisha angesema kwa sauti ya kutosha kuvuka uwanja, "Gwe Bosi, mwambie mwenye jiko leo kuna baridi, uji uwe mzito." Au, "Bosi, mwenye jiko ajue kuna mwizi wa kuni, nimeona nyayo." Mimi nami nilikuwa naingia jikoni, halafu namjibu Bosi, ambaye wakati huo huenda alikuwa anajikuna viroboto wala hana habari. Siku nilipopika mbalaga, ndizi zetu zilizoiva vizuri pamoja na nyama aliyoileta Ipyana, nikaweka bakuli kwenye kigoda mlangoni kwake, nikakohoa na kukimbia, nilisikia baada ya muda, "Bosi, mwenye jiko anataka kuniua kwa shibe." Nilicheka hadi nikakaa chini karibu na mafiga. Nasema haya ili ieleweke kwamba hatukuwa maadui. Mila ile ilikuwa ukuta, lakini mzee alikuwa ametoboa tundu na tulikuwa tunapitishia humo kila tulichohitaji, hata mizaha.

Mwaka uleule migomba ilianza kuanguka. Ilianguka kabla mikungu haijakomaa, inalala na mizizi yake hewani, na ukiishika mizizi unakuta imekuwa myeusi, imeoza, inakatika mkononi. Palepale ulipouona wa jana umelala, kesho ungeukuta na mwenzake umelala. Kwetu mgomba si zao tu. Ndio chakula, ndio kivuli cha kahawa na maharage, ndio majani ya kufunikia chungu, na ndio zawadi. Mtu akijenga au akioa, majirani wanampelekea machipukizi ya migomba, na chipukizi la heshima linapelekwa na udongo wake, limefungwa majani makavu, kwa sababu ukilitoa udongo ni kama unamwambia mwenzio shamba lako ni la thamani kuliko lake. Na mimi nilipoolewa tuliletewa machipukizi mengi, yote na udongo wake, tukayapanda kwa furaha. Baadaye sana ndipo nilipokuja kuelewa kwamba ndani ya udongo ule tulikuwa tunagawiana minyoo ya mizizi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, nyumba kwa nyumba, harusi kwa harusi. Tulikuwa tunaambukizana kwa upendo. Na dawa ya kwanza ya jambo lile ilikuwa kisu na maji ya moto: unalimenya chipukizi mpaka uone nyama nyeupe, unalitumbukiza kwenye maji ya moto, unalipanda likiwa safi. Hakuna aliyetuambia. Kisu tulikuwa nacho na kuni tulikuwa nazo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Tulichoambiwa ni kwamba dawa imekuja. Bwana shamba aliitisha mkutano kwenye ghala la ushirika, na mwaliko ulisema wakuu wa kaya. Wakuu wa kaya maana yake wanaume, ingawa waliokuwa wakipalilia migomba, wakiipogoa na kuibeba mikungu walikuwa sisi. Siku ile nilikuwa narudi kutoka mtoni pamoja na Mama Lugano, jirani yetu mjane, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema, tukatua ndoo zetu nyuma ya ghala kupumzika. Mbao zilikuwa na nafasi. Tulimsikia bwana shamba, sauti ya kijana aliyetoka chuoni, akieleza kwamba kuna minyoo inakula mizizi, midogo sana, hata ukikodoa macho huioni. Kisha nikaisikia sauti ya baba mkwe wangu.

"Mwalimu, kama hawaonekani, tutajuaje wamekufa?"

Ghala zima likacheka. Bwana shamba naye akacheka, akajibu, "Mzee, utajua mgomba ukisimama."

"Na hiyo dawa inawajua hao tu? Haiwezi kukosea ikaua kingine?"

"Hii ni dawa ya migomba, mzee wangu. Ni kama mbolea tu. Kijiko kimoja kila shina, unafukia, basi."

Ni kama mbolea tu. Nayaandika maneno haya kama nilivyoyasikia, sikio langu likiwa kwenye ubao na Mama Lugano akininong'oneza kwamba baba mkwe wangu ana maswali ya mtoto mdogo. Hakuna aliyesema vaa kitu mkononi. Hakuna aliyesema usile kilichoota pale. Magunia makubwa yalikuwa na picha ya fuvu na maandishi ya kigeni, tuliyaona baadaye, lakini magunia yalibaki ghalani. Sisi tuligawiwa vifuko vya nailoni vyeupe visivyo na neno wala picha, vile vile vya kufungia sukari. Mtu aliyefanya kazi ile ya kutoa dawa kwenye gunia lenye fuvu na kuitia kwenye kifuko kisicho na fuvu, je, hakuliona fuvu? Nimejiuliza swali hili nikipika, nikilima, nikinyonyesha, na sijapata jibu ambalo halinitii uchungu.

Dawa yenyewe ilikuwa nzuri kwa macho. Punje ndogo za rangi ya zambarau, zinang'aa kidogo, ungeweza kumpa mtoto akachezea. Baba mkwe alikiweka kifuko kwenye kigoda na kumwambia Bosi amwambie mwenye jiko kwamba kijiko kimoja kila shina, na kisha zifukiwe. Aliyasema yote aliyoyasikia mkutanoni, hakuacha hata moja. Nilichukua kijiko changu cha mchuzi. Kijiko kilipochoka, au mimi nilipochoka kukitafuta kwenye matope, nilitumia vidole. Tukuyu na mvua ni ndugu, wasomaji wanajua, mikono haikauki, na punje zilinishika viganjani zikayeyuka rangi. Katikati ya migomba nilikuwa na maharage na maboga, kama wanawake wote. Jioni kichwa kiliniuma, mate yalinijaa mdomoni, nikatapika nyuma ya jiko. Mama Lugano akaja na uso wa furaha, akanitazama tumbo, akasema, "Huyo ni mjukuu anabisha hodi, mwanangu. Usimchukie." Na kweli nilikuwa mjamzito, mimba changa, nilikuwa nimemwambia Ipyana Jumapili iliyopita na alikuwa ameshindwa kula kwa furaha. Kwa hiyo nilitapika huku natabasamu. Kesho yake nikarudi shambani na kifuko.

Siku yenyewe ya balaa ilikuwa siku ya msiba mkubwa kule Kisiba, na kwetu msiba ukitokea kijiji kinahama. Mama Lugano alikwenda, majirani wote walikwenda. Mimi nilibaki kwa sababu ya hali yangu, na baba mkwe alibaki kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anakaribia kuzaa na hakutaka azae peke yake. Asubuhi nilimaliza mashina yaliyobaki, nikachuma majani ya maboga palepale chini ya migomba, nikayapika kwa karanga. Nilipokuwa nayakoroga niliona kuku wangu mmoja, mtetea, anazunguka kama aliyelewa, akaanguka. Nikasema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Bosi akaja mbio, akamnyakua, akaenda kumlia chini ya mparachichi, mbele ya kigoda cha baba mkwe. Nilijipakulia mboga na ndizi za kuchemsha, nikakaa mlangoni mwa jiko, nikaanza kula. Nilikuwa na njaa ile ya mimba, nilikuwa nakula kwa haraka, hata mikono nilikuwa nimeisuuza tu.

Kisha nikasikia mbwa analia sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Niliinua macho nikasahau adabu. Bosi alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga hewa, povu mdomoni, na baba mkwe amepiga magoti kando yake, anamshika kichwa. Muda si muda mbwa akatulia. Baba mkwe akamtazama Bosi, akatazama manyoya ya kuku, akatazama shamba, halafu nikamwona anageuza shingo kuelekea jikoni. Nilijifunika khanga haraka. Ndani ya khanga yangu, tonge lingine likiwa mkononi, nilimsikia mzee anavuta pumzi ya kutaka kusema na kukosa wa kumwambia. Bosi alikuwa amekufa. Palikuwa hakuna mtoto uwanjani, hakuna jirani, hakuna hata mpita njia.

"Bupe!"

Aliniita kwa jina. Baba mkwe wangu aliniita kwa jina langu, kwa sauti kuu, mchana kweupe.

"Bupe, tema! Usile hicho! Tema, mwanangu!"

Na mimi nilifanya nini? Nilikimbia. Nilishika adabu hadi mwisho. Sikusikia neno tema, nilisikia tu sauti iliyokatazwa ikilitaja jina langu, nikaruka na khanga yangu usoni nikaingia kwenye migomba, ileile niliyokuwa nimetoka kuiwekea sumu, kujificha mbele ya mtu aliyekuwa anataka kuniokoa. Mzee alinifuata akiita. Nilivyozidi kuitwa nilizidi kukimbia. Sijui nilifika wapi. Nakumbuka jasho jingi, macho yakiona giza kana kwamba jua limezima, tumbo linasokotwa, nyama za mikono zinarukaruka zenyewe. Nakumbuka nimelala kwenye majani makavu ya mgomba na viatu vya mpira vya baba mkwe vikisimama mbele ya uso wangu, vimesita. Vilisita kidogo tu. Kisha mikono yake ikaniinua.

Alinibeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, kilima baada ya kilima, njia ya utelezi. Alikuwa ameokota punje zile akazifunga kwenye jani, na mganga wa zahanati alipolifungua jani aling'aka, "Mmempa mtu hii ashike kwa mikono? Nani kawaambia hii ni ya kushika?" Nilichomwa sindano. Mzee alikaa nje kwenye benchi, mgongo ameupa mlango, maana nilikuwa ndani na mila ilikuwa imemrudia. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba kila mtu aliyetoka alimuuliza, "Anapumua?" na hakuuliza kingine. Mimi nilipumua. Mtoto alitoka usiku ule. Sitaandika zaidi juu ya hilo, isipokuwa kwamba Ipyana alikuja na nguo zake za kiwandani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kunishika mguu, tukalia wote wawili. Na kule nyumbani ng'ombe alizaa peke yake.

Niliporudi Masoko nilidhani nitakuta kijiji kimekasirika. Kweli kilikuwa kimekasirika, ila kwa baba mkwe wangu. Walikuwa wamemwona njiani, waliokuwa wanatoka msibani, amembeba mkamwana wake mgongoni, khanga imeanguka, nywele wazi. Habari ilikuwa imefika kila jiko. Na mimba ilipotoka, basi, maelezo yakawa tayari: mzee kamwita mkamwana kwa jina, kamshika, kambeba, ndiyo maana mtoto amekataa kukaa. Kuku aliyekufa hawakumwona. Mbwa aliyekufa hawakumwona. Maneno ya mganga wa zahanati hawakutaka kuyasikia. Hata Mama Lugano, niliyempenda, aliniletea uji na kuniambia kwa upole kwamba ningeweza kuvumilia kidogo hadi watu warudi. Nivumilie nini? Nikamuuliza, nivumilie nini, mama? Akanipangusa uso na kusema nina uchungu wa uzazi.

Wazee waliketi barazani kwetu. Mimi nilikuwa jikoni, mlango nimeuacha wazi kwa makusudi. Bwana shamba naye aliitwa, maana kuna mtu alikuwa amethubutu kuuliza habari za dawa. Akasimama na kusema kwamba dawa haina tatizo, wakulima hawakufuata maelekezo. Maelekezo! Nilitaka kutoka na kijiko changu nikamwonyeshe maelekezo yake. Mwenyekiti wa wazee akasema hayo ya dawa ni mambo ya serikali, tuyaache, funika kombe mwanaharamu apite, sisi tushughulike na ya kwetu. Na ya kwao yalikuwa kwamba mzee atoe ng'ombe, apelekwe Mpuguso kwa watu wangu, ili kosa lisafishwe. Kisha nikamsikia baba mkwe, sauti ileile niliyokuwa nimeisikia ikiniita.

"Ng'ombe nitatoa. Mimi nimevunja mila, siwezi kukataa. Lakini aliyeleta dawa, yeye atatoa nini?"

Wazee wakaanza kuvaa makoti yao. Ng'ombe pekee aliyekuwa naye wa kutoa ni yule aliyezaa siku ile, akaondoka na ndama wake anayeyumba kwa miguu mibichi, na baba yangu mzazi alimpokea, akamfunga zizini kwake, na hilo nalo sijalisahau. Mimi nilikuwa hai kwa sababu ya mgongo wa mzee yule, na baba yangu akapokea faini ya mgongo huo. Bwana shamba hakutoa hata kuku. Baada ya muda alipandishwa cheo, akahamia mjini.

Baba mkwe hakunisemesha tena. Alipata mbwa mwingine, akamwita Bosi, na alipokufa huyo akapata mwingine, akamwita Bosi vilevile. Maisha yetu yote yaliyofuata, wanangu walipozaliwa na kukua, aliniambia kila kitu kupitia mbwa. Ila kuna mambo yalibadilika. Hakuna punje iliyoingia tena shamba lile. Mwalimu mmoja wa kilimo, mwanamke, alipokuja miaka ya baadaye kufundisha habari ya kumenya machipukizi na maji ya moto, mzee alikuwa wa kwanza kuchemsha maji, na aliyemletea chipukizi lenye udongo alilipokea, akashukuru, akalitupa chooni. Watu wakasema ana kiburi. Kila nilipokaa kula, mbwa alikuja nikampa kwanza tonge, na nilijua ni nani aliyemfundisha kuja kuomba.

Mwaka jana nilikwenda Tukuyu dukani, duka la pembejeo, kununua mbegu za kabichi. Kijana muuzaji, mchangamfu, nywele amezinyoa mtindo, akanionyesha chupa.

"Mama mkubwa, migomba yako haina minyoo? Chukua hii. Hii ni moto wa kuotea mbali. Inaua kila kitu."

"Kila kitu, pamoja na nani?"

"Aah, mama, unanichekesha bwana."

Sikuwa nachekesha. Maandishi ya chupa yalikuwa madogo hata miwani yangu haikuyafikia. Nilimuuliza anavaa nini akiishika, akaniangalia mikono yangu, akaangalia yake, mikavu na mitupu, akajifuta kwenye suruali. Yule hana kosa, ni mtoto wa juzi. Lakini nilipotoka pale nilijua kwamba kama tutaendelea kufunika kombe, yeye atakuwa kwenye kombe hilo pia.

Kwa hiyo msibani, mwongozaji alipouliza kama kuna mwingine mwenye neno la mwisho kabla ya kwenda kaburini, nilisimama. Ipyana, ambaye sasa ni mzee wa mvi, alinivuta upindo wa khanga. "Mama Tumaini, kaa chini. Mkamwana haongei." Nikamwambia, "Leo ataongea." Nikakichukua kipaza sauti. Sijui kusema hadharani, nilisema kama ninavyoandika hapa, nilieleza habari ya ghala, ya kifuko cheupe, ya kuku na mbwa na mboga ya maboga, na ya mgongo ulionibeba. Nikasema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na huyu mmemnyonga miaka yote kwa kosa la kuniokoa, kisha leo mnamsifu kwa dawa iliyomuua mjukuu wake. Mvua ilikuwa imeacha. Mzee wa suti ya kijivu akasimama mahali pake, hakuwa mtu mbaya usoni, alionekana amechoka.

"Mama," akasema, "na sisi tulikuwa wadogo. Dawa ilitoka juu. Tuliambiwa tugawe, tukagawa."

"Wewe dawa ilitoka juu," nikamjibu. "Na yeye mila ilitoka juu, kwa babu zake. Alipoona mtu anakufa aliivunja, akalipa. Wewe ulivunja nini?"

Akakaa. Nilirudisha kipaza sauti, nikageuka kwenye jeneza. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu karibu maisha yangu yote, nimempikia, nimemfulia, nimeuguza homa zake kwa mkono wa wajukuu, na sikuwahi kulitamka jina lake, hata kulitamka peke yangu shambani. Yeye langu alilitamka siku moja tu, na lilimgharimu. Niliishusha khanga kutoka kichwani, ikakaa mabegani. Nikasikia wanawake nyuma yangu wakiguna, na bibi mmoja akisema, "Mwe, Kyala, Mungu wangu, anataka kufanya nini huyu?"

"Asegelile," nikamwita kwa jina. "Ndaga fijo, tata. Asante sana, baba. Asegelile."

Safari hii sikukimbia.